Kupitiwa

Kiswahili husema mtu amepitiwa na usingizi. Si yeye aliyelala. Usingizi ulikuwa unajiendea zake, ukamkuta, ukampitia kama rafiki anavyompitia mwenzake nyumbani wakaondoka pamoja. Mama hulitumia neno hilo maharagwe yakiungua jikoni. Mimi hulitumia nikichelewa kuamka. Ni neno la upole, halimlaumu mtu, na ndiyo sababu nimeanza kuliogopa. Katika familia yetu tumekuwa na madereva wawili wa malori ya masafa marefu, na kila nikisikia habari ya dereva aliyepitiwa najiuliza usingizi huo ulianza kumfuata kutoka wapi.

Baba aliendesha trela kati ya Mombasa na Nairobi, na miaka ya mwisho mpaka Malaba. Aliacha kazi macho yalipoanza kumsumbua, akafa kitandani mwake. Wenzake waliokuja matangani walilitaja jambo hilo kama sifa. "Mzee amekufa kitandani," mmoja alisema, na wengine wakatikisa vichwa kukubali. Mtu wa ofisini hawezi kuielewa pongezi ile. Sasa aliye barabarani ni mdogo wangu, kitinda mimba.

Tulipokuwa watoto tulikaa Changamwe, nyumba ya vyumba viwili yenye paa la mabati. Baba alikuwa akifika alfajiri, anaoga, anakula, analala, na kuanzia hapo nyumba ilikuwa mali ya Mama. Redio inazimwa. Kuku wanafukuzwa uani. Sisi watoto tunatolewa nje na amri ya kwenda kucheza mbali, na "mbali" maana yake mpaka asisikie sauti zetu. Kisha anatandika mkeka mlangoni na kukaa na ungo wake wa mchele, anachambua punje moja moja, hata kama mchele ule ulishachambuliwa jana. Akija mtu kuuliza, "Baba yupo?" Mama hujibu, "Yupo, lakini hayupo."

Shida ilikuwa kijana wa mwenye gari. Huyu alikuwa akitumwa kumwita Baba kontena likishatoka bandarini, na hakujali mtu ameingia saa ngapi. Kwa kijana huyo Mama alikuwa na jibu moja: Baba amekwenda kuzika. Nimehesabu, shangazi yetu mmoja wa Kaloleni alizikwa mara tatu katika mwaka mmoja, na bado alikuja sikukuu na mahamri.

Tulidhani ile ni heshima tu, mambo ya baba kuwa mkubwa wa nyumba. Sababu yake nilikuja kuijua nikiwa kidato cha pili, rafiki yake Baba alipofariki baada ya lori lake kutoka barabarani usiku upande wa Taru. Ilisemwa breki zilikatika. Hivyo ndivyo alivyoambiwa mjane, hivyo ndivyo mchungaji alivyosema kaburini. Lakini tanboi wake alinusurika na mguu uliovunjika, akaja kwetu kwa magongo, akakaa na Baba chini ya mwarobaini. Nilikuwa naosha vyombo karibu. Nikamsikia akisema hakukuwa na breki. Hakuna hata breki moja iliyokanyagwa. Alimtazama dereva wake, akaona macho yako wazi na kichwa kiko wima, akadhani anafikiri.

Baba alimwambia jambo hilo liishie pale. Sikumwona kuwa mwongo wakati ule na simwoni sasa. Breki zikikatika mtu amekufa kazini. Akisinzia, watu watasema amejiua, au ameua. Mjane alikuwa na watoto wanne wa kuishi nao katika mtaa ule ule. Kwa hiyo breki zikabeba lawama, na nadhani ziko breki nyingi katika barabara ile ambazo zimesingiziwa.

Sikiliza taarifa za ajali redioni. Gari "lilipoteza mwelekeo". Dereva "alishindwa kulidhibiti gari". Lori "lilihama upande wake". Lugha yote hiyo inaanza sekunde ile ya mwisho, kana kwamba kabla yake hapakuwa na kitu. Hatuambiwi dereva aliamka saa ngapi. Mwili wa maiti hauwezi kupimwa usingizi. Pombe inaacha alama kwenye damu, na askari ana Alcoblow ya kumpulizisha aliye hai, lakini hakuna kidude cha kumpulizisha mtu aliyekesha. Ukimtazama yuko timamu, anajibu salamu, leseni anayo.

Na bado ulevi huo upo, na umepimwa. Mwaka 1997 watafiti wawili nchini Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio jepesi kulielewa. Watu wale wale walipimwa mara moja wakiwa wanakunywa pombe na mara nyingine wakiwa wananyimwa usingizi, kisha wakalinganishwa. Mtu aliyekaa macho kwa muda wa saa 17 alifanya vibaya sawa na mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinakihesabu kuwa ni ulevi barabarani. Alipofika saa 24, alikuwa sawa na mwenye asilimia 0.10, mara mbili yake. Mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri anatimiza saa 17 ifikapo saa nne usiku. Saa nne usiku ndiyo kwanza malori mengi yanapita Mariakani kuanza safari.

Kisha kuna kile ambacho tanboi yule alikiona. Ubongo uliochoka haungoji ruhusa. Unajizima wenyewe kwa sekunde chache, mbili, nne, wakati mwingine zaidi, na pengine macho yakabaki wazi. Mwenyewe hajui. Lori likienda kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kasi inayoruhusiwa kwa magari ya mizigo hapa kwetu, linakata karibu mita 22 kila sekunde. Sekunde nne ni mita 89. Huo ni kama urefu wa kiwanja cha mpira, na juu ya usukani hakuna mtu.

Mdogo wangu aliwahi kuniuliza kwa simu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, hivi nishapita Manyani?" Yeye ndiye aliyekuwa anaendesha. Mimi nilikuwa kitandani Mombasa.

Simu zenyewe zilianza mwaka wa pili wa kazi yake. Hupiga saa nane, saa tisa usiku, simu ameiweka spika kwenye dashibodi. Hana habari yoyote. "Nipigishe tu story," husema. Basi nampigisha. Bei ya nyanya, mtoto wa jirani aliyetoroka shule, nani ameoa, nani ameachwa, timu yake imefungwa tena. Tanboi wake amelala kama gunia kiti cha pembeni, kwa sababu tanboi naye ameshinda bandarini akifunga turubali. Nasikia injini inavyobadilika sauti akipanda mlima, nasikia indiketa. Nikinyamaza kidogo husema, "Ongea, ongea." Nimemwongelesha kutoka Voi hadi Mtito Andei, kilomita karibu mia moja, pori la Tsavo pande zote mbili, barabara imenyooka kama mtu ameichora kwa rula. Sehemu kama hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, watu wanadhani ni kona na milima. Mlimani dereva ana kazi ya kufanya. Kwenye barabara iliyonyooka hana la kufanya ila kutazama mstari mweupe unakuja, unakuja, unakuja.

Na saa zenyewe ni hizo. Mwili una saa yake, nayo haijui kontena. Kati ya saa nane usiku na alfajiri joto la mwili linashuka na kila kiungo kinadai kulala, hata kama mtu alipumzika vizuri mchana. Mchana, baada ya chakula, kuna mteremko mwingine mdogo. Ajali za usingizi hujazana katika vipindi hivyo viwili. Waliofanya kazi ya usiku wanaijua saa tisa bila kuambiwa na mtafiti.

Kila dereva ana dawa yake. Baba alikuwa mtu wa kahawa chungu yenye tangawizi na limau la kung'ata. Wengine hufungua dirisha, hujimwagia maji shingoni, huongeza sauti ya redio hadi vioo vitetemeke. Kizazi cha mdogo wangu ni cha muguka na miraa, bigijii mdomoni na soda ya baridi mapajani. Mwezi Mei 2024 magavana wa Pwani walipopiga marufuku muguka, kabla mahakama haijaisimamisha amri hiyo, mazungumzo yote yalikuwa ya vijana kuharibika na wakulima wa Embu kukosa soko. Sikusikia mtu akiuliza ni nani anayetafuna muguka kwa sababu ya ratiba ya kazi.

Tuseme ukweli, miraa inafanya kazi. Ina katinoni, jamaa wa karibu wa dawa za kuchangamsha, na mtafunaji anakesha. Lakini kukesha si sawa na kupumzika. Tangu mtu anapoamka, ubongo unakusanya kitu kiitwacho adenosini, na kadiri kinavyojaa ndivyo usingizi unavyozidi kumkandamiza. Kafeini ya kwenye kahawa hukizuia kisisikike, haikiondoi. Kinaendelea kujaa nyuma ya mlango, na kahawa ikiisha nguvu mlango unafunguka wote mara moja. Kitu pekee kinachokiondoa ni kulala. Hata dakika 20 zinasaidia. Madereva wazee walilijua hili kabla ya maabara: kunywa kahawa kwanza, halafu egemea usukani ulale kidogo, maana kahawa inachukua karibu nusu saa kupanda na itakukuta unaamka. Baba alikiita hicho kilalo cha kuku.

Sasa mtu atauliza, si apaki alale? Swali la haki. Nami nilimuuliza mdogo wangu, na jibu lake lilichukua siku nzima ya Jumapili, kwa hiyo nitalifupisha ninavyoweza.

Kwanza, uchovu hauanzi Mariakani. Unaanza bandarini. Ameitwa saa mbili asubuhi kuja kupakia. Anakaa foleni ya geti mpaka saa saba. Karatasi moja haijasainiwa. Anangoja. Hawezi kuondoka kwenye foleni wala kulala fofofo, kwa sababu foleni ikisogea na yeye asisogee atapitwa au atagongewa bodi la gari na askari. Anatoka jioni. Anapita mizani. Kufikia hapo amekuwa macho saa 14 na hajaendesha hata kilomita hamsini. Sheria yetu ya Trafiki, tangu marekebisho ya 2012, inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya muda wa saa 8 katika kila saa 24. Ni sheria nzuri. Lakini inahesabu kuendesha. Foleni haihesabiki, wala mizani, wala usiku wa kulinda mzigo mpakani. Kwa hesabu ya sheria, mdogo wangu akiwasha gari saa tatu usiku ndiyo kwanza yuko mpya kabisa.

Hebu tuipige hesabu hiyo hiyo ya saa 8. Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480. Kuzimaliza kwa saa 8 unahitaji wastani wa kilomita 60 kwa saa, bila kusimama hata kukojoa, na lori limebeba kontena, na njia inapanda kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 1,700. Haiwezekani. Kila anayepanga safari hiyo anajua haiwezekani. Kwa hiyo kila lori lenye dereva mmoja linalotoka Mombasa jioni na kutakiwa Nairobi asubuhi limeondoka yadi likiwa tayari limevunja sheria, na aliyeivunja si aliyeshika usukani. Yeye ndiye tu atakayeandikwa kwenye kitabu cha polisi.

Pili, malipo. Analipwa kwa tripu. Akilala, halipwi. Reli mpya ilipoanza kubeba makontena baada ya 2017 kazi zilipungua, madereva wengine wakakaa nyumbani miezi, na waliobaki wakajifunza kutokataa. Bosi wake si mtu mbaya, hilo nataka nilisema. Huwa anauliza hali ya watoto. Lakini naye ana mkopo wa benki juu ya lori, na benki haina habari ya saa tisa usiku.

Tatu, atapaki wapi? Hapa mdogo wangu alicheka. Ukipaki gizani pembeni mwa barabara, utaamka tangi la dizeli limenyonywa. Kama mzigo ni wa kuvuka mpaka, una sili ya kielektroniki ya mamlaka ya ushuru, na lori likisimama mahali pasipojulikana kwa muda mrefu kuna mtu mahali fulani anaona kwenye kompyuta na simu inalia. Kwa hiyo unalazimika kufika kwenye kituo chenye malori mengine, Maungu, Voi, Mtito Andei, na usingizi hauchagui kukujia karibu na kituo. Ukifika umejaa. Ukipata nafasi, unalipa. Baadhi yao, wakishindwa kabisa, humwachia tanboi usukani, kijana ambaye hana leseni ya trela ila amekuwa akitazama miguu ya dereva miaka mitatu.

Mahali ambapo madereva wengi husimama kwa hiari ni Mackinnon Road, kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, mzee wa kutoka Punjab aliyefanya kazi kwenye ujenzi wa reli. Wa dini zote husimama. Hutia sadaka, huomba safari njema, hunawa uso, huendelea. Baba hakuwahi kupita bila kusimama. Ninaiheshimu sana desturi ile, na siku moja nilimwambia mdogo wangu kwamba labda baraka yenyewe ni ile robo saa ya kutoka kwenye kiti. Akaniambia nisicheze na mambo hayo.

Katika familia simu za usiku zilileta ugomvi. Wifi yangu alikuwa wa kwanza kusema. "Dada, ukimshikia simu unamwendesha wewe. Angekuwa hana wa kuongea naye angesimama." Mama akamjibu papo hapo, "Asingesimama. Mume wako hujamjua? Sauti ya mtu haijaua mtu." Wote wawili walikuwa na haki na wote walikuwa wanaogopa, na mimi ndiye niliyekuwa na simu mkononi. Nisiposhika, anaendelea kuendesha peke yake gizani. Nikishika, ninamsaidia kuendelea. Mazungumzo humchangamsha mtu kwa dakika kadhaa, sawa na dirisha lililofunguliwa, kisha ule uzito hurudi palepale. Nami ningekuwa nimempa kilomita arobaini zaidi za kujiamini.

Kilichonisaidia kuamua ni kesi ya Uingereza. Februari 2001, karibu na Selby, mtu mmoja alikuwa anaendesha Land Rover yenye trela alfajiri. Gari likatoka kwenye barabara kuu, likateremka hadi kwenye reli. Treni ya abiria ikaligonga, ikaacha njia, ikakutana na treni ya makaa ya mawe. Watu 10 walikufa. Yeye alitoka salama. Upande wa mashtaka ulisema usiku ule alikuwa hajalala, alishinda kwenye simu akizungumza na mwanamke waliyejuana kwenye intaneti. Yeye alisisitiza kwamba hakusinzia. Jopo la mahakama likamtia hatiani, akafungwa miaka 5. Nilivyoielewa hukumu ile, hakuhukumiwa kwa zile sekunde chache za kusinzia, maana hakuna mtu anayeweza kuzizuia sekunde hizo zikishafika. Alihukumiwa kwa kuwasha gari. Usingizi hauji bila kubisha hodi: miayo, shingo kulegea, kusahau kilomita tano zilizopita, kukanyaga mstari wa pembeni na kuurudisha usukani kwa mshtuko. Dereva anabishiwa hodi saa nzima.

Kwa kiwango hicho, nikawaza, wangefungwa wangapi hapa kwetu? Na aliyepanga ratiba angefungwa? Yule wa Selby hakutumwa na mtu, alikuwa na usiku wake mwenyewe. Mdogo wangu usiku wake umeuzwa kabla hajaamka.

Nikamwekea sharti. Simu nitashika kila mara, sitaizima kamwe. Lakini nitauliza maswali matatu tu: umeamka saa ngapi, uko wapi sasa, mbele yako kuna kituo gani. Kisha namtajia kituo na kukata. Story tutapiga akishapaki.

Usiku wa kwanza alinitukana, kwa adabu, kadiri mtu anavyoweza kumtukana dada yake mkubwa. "Yaani unanikatia? Wewe?" Nikakata. Akampigia Mama. Mama naye, ambaye tulikuwa hatujakubaliana lolote, akamuuliza, "Kwani dada yako amekwambia upaki wapi?" Akasema Maungu. "Basi si upaki, baba." Akapaki. Nilijua kwa sababu dakika ishirini baadaye alituma ujumbe wa neno moja, nao haukuwa mzuri.

Wiki mbili hakunipigia. Zile wiki mbili sikulala mimi. Mwalimu wa darasa la nne asiyelala ni hatari ya namna nyingine, ingawa haifiki kwenye taarifa ya habari. Aliporudi kunipigia hakutaja lolote, alianza tu, "Nimeamka saa kumi na mbili, niko Samburu, mbele Taru, na usinitajie Taru." Tukaelewana Mackinnon Road. Wakati mwingine hudanganya kuhusu saa aliyoamka. Huwa namjua, anajibu haraka mno. Mtu aliyechoka kweli hujibu pole pole, anatafuta maneno kama anayetafuta sarafu iliyodondoka chini ya kiti.

Mwezi uliopita aliingia ofisini kwa bosi na ombi: akitoka bandarini jioni, aondoke alfajiri ya kesho yake, au apewe dereva wa pili. Nilimsaidia kuipiga ile hesabu ya kilomita 480 kwenye karatasi. Bosi aliisoma karatasi, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Akasema madereva wako wengi. Halafu akasema, kama anajisemea, kwamba dereva wa pili ni mshahara wa pili na mteja halipi zaidi. Mwishowe wamekubaliana kitu cha katikati: mdogo wangu anaruhusiwa kulala muda wa saa 4 Mtito Andei, na atume picha ya lori likiwa limepaki, na muda uonekane. Picha ya kuthibitisha kwamba amelala! Wifi yangu alicheka mpaka machozi. Lakini saa 4 ni saa 4, na tumezichukua.

Bado halijaandikwa popote, na lori linalofuata la kampuni ile ile halina mpango huo. Kijana mmoja wa umri wa mdogo wangu, anayeendesha hilo la pili, alimwambia yeye hahitaji, ana kifua. Ndivyo wanavyosema, ana kifua, kana kwamba usingizi ni mieleka.

Leo ni Alhamisi. Ameitwa bandarini saa kumi jioni, kwa hiyo tangu asubuhi amelala hapa kwetu, chumba cha nyuma, pazia limefungwa kwa pini, watoto wake wamepelekwa kwa mama yao mdogo Mikindani. Nimezima simu yake na kuiweka ndani ya pipa la unga, kwa sababu kijana wa bosi alishaanza kupiga saa tano. Sasa hivi fundi wa kuchomelea ng'ambo ya barabara amewasha mashine ya kukata vyuma. Mama ana miaka sabini na moja na magoti mabaya. Amejifunga leso, ametafuta bakora yake nyuma ya mlango, na amevuka barabara kwenda kuzungumza naye.